Nyumba Haiuzwi Mbio



Katika miaka hii 10 tumeona wenzetu wakiuza nyumba kwa shida ya ada au ugonjwa, na wengi wamepunjwa. Dalali akishajua una shida, bei anapanga yeye. Ndiyo maana tunasema mwenye shida achukue kwanza mkopo wa kikundi, nyumba iuzwe kwa nafasi.

Kuhusu bei, tusiulize majirani wanataka ngapi. Tuulize nyumba za mtaa huo zimeuzwa ngapi kweli. Pesa uliyotia kwenye marumaru mnunuzi haimhusu. Yeye anaangalia kiwanja, barabara na hati.

Bati linalovuja lizibwe, choo kisafishwe, kuta zipakwe chokaa. Basi! Jiko jipya la nini? Afadhali tulipe kodi ya ardhi na bili ya maji, maana deni likionekana mnunuzi anashushia bei hapo hapo.

Na hili kubwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukiletewa karatasi usiku utie sahihi, mwambie baba watoto tutaisoma kesho, kikundini.