Udongo Usioachwa Wazi

Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, bustani iliyolimwa hadi udongo wote ukaonekana ndiyo inayoitwa safi, na bidii ya mwenye nyumba hupimwa kwa jinsi anavyokwangua kila jani ambalo hakulipanda. Lakini desturi hiyo, pamoja na heshima inayostahili jasho lake, ndiyo inayoyafungulia magugu njia ya kurudi kila mvua inaponyesha.

Sababu imo ardhini. Udongo uliowahi kulimwa huwa na akiba ya mbegu, yaani mbegu za magugu zilizodondoka misimu iliyopita na kulala bila kuota, na nyingi kati yake, hasa zile ndogondogo kama za mchicha pori, huhitaji kupata mwanga ndipo ziamke. Jembe linapozipindua na kuzileta juu huzipa mwanga huo, na ndiyo maana palizi ya leo huzaa palizi ya wiki mbili zijazo. Majani mabichi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu unaoziamsha mbegu hizo, hivyo kivuli cha mmea ulio hai huzifanya nyingi ziendelee kulala, na chache zinazochipua hudhoofika kwa kukosa jua.

Hiyo ndiyo kazi ya mimea ya kufunika udongo, yaani mimea mifupi inayotambaa na kuutandaza ukijani wake juu ya ardhi. Kwa bustani ya nyumbani, unaostahili kutajwa kwanza ni kiazi kitamu, kwa kuwa marando yake, yaani vipande vya shina vinavyopandwa, yakichomekwa kwenye tuta kwa nafasi ya sentimita 30 hivi, hutambaa hadi kulifunika tuta lote, na jiko hupata matembele muda mrefu kabla viazi havijakomaa. Hata hivyo, palizi ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo haikwepeki, maana marando yakiwa hayajakutana, magugu huyatangulia.

Kunde zinazotambaa hufanya kazi hiyohiyo na kuongeza nyingine, kwani vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wazee waliochanganya mahindi, kunde na maboga katika shamba moja walikuwa na elimu ambayo haikustahili kudharauliwa. Magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha ICIPE, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walionyesha kwamba desmodiamu, jamii ya mikunde inayotambaa, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hukizuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kwa kivuli chake na zaidi kwa kemikali zinazotoka mizizini mwake.

Yapo magugu yasiyoshindwa kwa kivuli peke yake. Ndago huchipua kutoka kwenye viazi vyake vidogo vya chini ya ardhi, na sangari hutoka kwenye mashina yanayotambaa chini kwa chini, kwa hiyo yote mawili hayana budi kuchimbuliwa na kuokotwa kwa mkono kabla ya kupanda chochote. Uangalifu unahitajika pia katika kuchagua mimea ya mapambo: wedelia, yenye maua ya manjano, hufunika ardhi upesi kweli, lakini imo katika orodha ya spishi 100 za kigeni zilizo vamizi zaidi duniani, na kuing'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko palizi iliyokuwa ikikwepwa.

Mwenye bustani na aombe marando kwa jirani mvua zinapoanza, achimbue ndago zote katika tuta moja, apande, na alipalilie tuta hilo kwa uaminifu mpaka marando yakutane.