Mpe Jembe: Kuanza Shamba la Mboga Katika Alotimenti

 

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenu siku ya tatu imepita zamani. Mmepewa ufunguo wa nyumba, kadi ya benki na tarehe ya darasa la Kiingereza, lakini jembe hamjapewa. Nami ninapowajazia fomu nikiuliza kazi mliyofanya kwenu, mama aliyelisha watu kumi kwa mikono yake ananijibu, "Sikuwa na kazi, nilikuwa nalima tu." Kazi hiyo ina nafasi hapa Uingereza. Ila jembe la hapa haliletwi mlangoni. Linaombwa, na ukilipata linalindwa. Leo nataka tuzungumze namna ya kuliomba na namna ya kulilinda.

Alotimenti ni kipande cha ardhi unachokodi kwa mwaka ili ulime mboga na matunda ya kula wewe na familia yako. Mara nyingi mwenye ardhi ni halmashauri ya mji, yaani kaunsili. Msidhani ni sadaka kwa wakimbizi. Waingereza maskini waliponyang'anywa ardhi za pamoja walizokuwa wakilisha na kulima, walidai mahali pa kupanda chakula, na sheria ya mwaka 1908 ikazitaka halmashauri ziwatengee. Sheria hiyo bado inafanya kazi England na Wales, isipokuwa katika mitaa ya katikati ya London, ambako halmashauri zinaruhusiwa tu, hazilazimishwi.

Kama eneo lenu halina mashamba ya kutosha, wakazi 6 wanaweza kuandika barua ya pamoja, na halmashauri inalazimika kuizingatia. Wakazi hao wawe wapiga kura waliojiandikisha, au watu wanaopaswa kulipa kodi ya halmashauri. Sikilizeni vizuri hapo. Wengi wenu hamjaruhusiwa kupiga kura za bunge, lakini kodi ya halmashauri barua zake mnazo nyumbani. Kwa hiyo mnahesabiwa.

Kuomba ni rahisi. Fomu iko kwenye tovuti ya halmashauri, na sisi ofisini tutakusaidia kuijaza. Kugumu ni kusubiri. Mahali pengine ni miezi, pengine ni miaka. Ndiyo maana nasema andikisha jina wiki hii, hata kama hujui utalima lini. Chagua eneo unaloweza kufika kwa miguu. Shamba la mabasi mawili utalipenda Aprili na kulichukia Julai. Uliza pia kuhusu ada. Halmashauri nyingi huwapunguzia wazee na watu wenye kipato kidogo, lakini usipouliza hakuna atakayekuambia.

Sasa nakuja kwenye jambo linalowaumiza watu wetu zaidi.

Ploti nzima ya kawaida ni kama mita za mraba 250, tuseme mita 10 kwa 25. Mtu aliyelima ekari Fizi au Nakivale akiiona anacheka. Anasema nipeni mbili. Anaichukua nzima mwezi wa tatu, majani yakiwa yamelala kwa baridi, na ardhi inaonekana tulivu. Kisha unafika mwezi wa tano. Jua halizami mapema tena. Mwezi wa sita, kaskazini ya England, saa tatu na nusu usiku bado unaona mwanga. Mchana mrefu hivyo unaotesha kila kitu kwa kasi ambayo kwetu hatuijui, na magugu ndiyo ya kwanza. Wakati huohuo amepata zamu za usiku kiwandani, au mtoto anaumwa. Wiki tatu hajaenda. Akirudi, nyasi zimefika kiunoni.

Halafu inakuja barua. Barua hizo nimezisoma na familia nyingi mezani kwangu, na mara nyingi zinanifikia zimechelewa. Mtu aliiona nembo ya halmashauri, akaogopa, akaiweka kwenye droo. Wengine wanafikiri wanafukuzwa nyumba. Ndugu zangu, barua ya shamba haigusi nyumba yenu wala karatasi zenu za ukimbizi. Inasema ploti haijalimwa. Kwa kawaida, halmashauri ikitaka kumaliza mkataba wako inapaswa kukupa notisi ya miezi 12. Lakini ukivunja masharti ya mkataba, au ada ikikaa siku 40 bila kulipwa, notisi inaweza kuwa ya mwezi 1 tu. Mwezi mmoja unaisha barua ikiwa bado kwenye droo.

Dawa yake ni simu moja au barua pepe moja. Mwambie msimamizi: nimeumwa, nimebadilishiwa zamu, nimejifungua, naomba wiki sita. Wasimamizi wengi wataelewa, kwa sababu mtu aliyejibu anaonyesha kwamba shamba analitaka. Asiyejibu anahesabiwa ameliacha. Na inauma. Nimemsikia mzee akisema, "Hata ardhi ya huku imenikataa." Ardhi haikumkataa. Alipewa kubwa mno, mapema mno, na hakuna aliyemsomea barua.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza omba nusu ploti. Halmashauri nyingi zinazo. Na hiyo nusu usiifungue yote. Lima kipande cha mita 5 kwa 5, au viwili vya namna hiyo. Sehemu iliyobaki ikate nyasi, kisha uifunike kwa maboksi makubwa ya karatasi au plastiki nyeusi iliyobanwa kwa mawe. Magugu yakikosa mwanga yanadhoofika, na anayekuja kukagua anaona kwamba unafanya kazi kwa mpango. Magugu yenye mizizi mirefu, jamaa za sangari, yatoe kwa uma wa shambani, mzizi mzima. Ukiyakatakata kwa jembe kila kipande kinaota upya, na unakuwa umeyapanda mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Nenda mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi.

Sasa kalenda. Kwetu mvua ndiyo inayosema panda. Hapa inanyesha mwaka mzima, haina la kutuambia. Kinachosema panda ni joto la udongo. Adui ni sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande juu ya majani. Inaweza kuja hadi katikati ya mwezi wa tano, na kaskazini hata mwisho wake. Jua la Aprili linadanganya. Maharage yakipandwa udongo ukiwa baridi yanaoza kabla ya kuota, na boga lililoota likipigwa na sakitu usiku mmoja, asubuhi limekuwa jeusi.

Fuateni mpangilio huu kwa mwaka wa kwanza.

Mwisho wa Machi na Aprili, panda viazi ulaya na vitunguu vidogo vya kupandia. Viazi chagua aina zinazowahi. Utavichimba Juni au Julai, kabla ya ukungu unaoshambulia majani ya viazi wakati wa joto na mvua. Vitunguu vitakuwa tayari Agosti.

Aprili na Mei, panda mbegu za sukuma wiki. Inastahimili baridi, utachuma hadi majira ya baridi. Lakini njiwa wa hapa wanaipenda kuliko sisi, kwa hiyo ifunike kwa wavu.

Katika miezi hiyohiyo, otesha maboga na mahindi ndani ya nyumba, kwenye vikopo karibu na dirisha. Yatoe nje mwanzoni mwa Juni. Mahindi usiyapange mstari mmoja mrefu. Yapange kwenye mraba, mistari minne kwa minne, kwa sababu upepo ndio unaobeba chavua. Ukiyapanga mstari mmoja utapata magunzi yenye punje chache.

Maharage yangoje hadi katikati ya Mei au zaidi. Lengalenga, au mchicha kama wengine mnavyouita, ungoje Juni. Ukipata joto unakimbia, na utakata majani hadi Septemba. Mbegu zake waulizeni majirani kutoka Jamaika, wao wanaiita kalalu. Msiwaambie ndugu wawaletee mbegu kwenye mizigo kutoka nyumbani. Mbegu zinazoingia nchini zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na zisipokuwa nacho zinaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege.

Na muhogo? Najua kuna mtu anataka kuuliza. Muhogo unataka miezi mingi ya joto, na baridi ya hapa inauua. Sombe tutaendelea kuinunua kwenye friji ya dukani. Ila majani ya maboga ya kupika mtayachuma wenyewe, na hayo hamtayapata dukani kirahisi.

Mwezi wa kumi, wengine wakifunga shamba, panda kitunguu saumu. Kinakaa ardhini majira yote ya baridi na kuvunwa kiangazi. Kinakupa pia sababu ya kurudi mwezi wa tatu.

Yapo mambo machache ya desturi za mahali. Kwetu majani makavu tunachoma. Hapa alotimenti nyingi zinakataza moto au zinauruhusu kwa miezi fulani tu, maana moshi unaingia kwenye nyumba za watu. Tengeneza mboji. Samadi ya farasi mara nyingi inapatikana bure, lakini iache ioze kwanza. Maji utachota kwenye tangi kwa ndoo, mpira mara nyingi hauruhusiwi. Usipande mti wala kujenga kibanda kabla ya kuuliza. Na shamba si la biashara. Mavuno ni ya nyumbani kwako, na yakizidi wagawie majirani.

Majirani hao wa ploti ni nusu ya faida. Mwingereza ambaye mtaani hakusalimii, shambani atakuja mwenyewe kukuuliza hayo majani mnayapikaje. Kiingereza cha pale ni chepesi, kina mvua, konokono na viazi. Mzee aliyenyamaza darasani anaongea pale, kwa sababu anaongea jambo analolijua. Na watoto wenu, ambao nyumbani ndio wanaowatafsiria barua na kuwafundisha simu, waende nanyi. Wanahitaji kuona kazi ambayo mama yao anaijua na wao hawaijui.

Nawaomba mambo matatu. Andikisha jina wiki hii. Ukipewa ploti, sema nusu inatosha. Na barua yoyote yenye nembo ya halmashauri, ilete ofisini siku ileile, hata kama haijafunguliwa. Fomu ninazo hapa mezani pamoja na kalamu, na nitakaa hadi wa mwisho amalize. Mama mkubwa aliye pale nyuma ameshanyoosha mkono, basi tuanze naye. Karibu, mama.