Konserto ya Pili ya Rachmaninoff

Wasikilizaji wetu wa Kisangani, nanyi mnaotusikia Yakusu na Isangi kandokando ya mto, tunawaamkia nyote.

Mwezi wa Machi 1897, mjini St. Petersburg, kijana Sergei Rachmaninoff aliisikia simfoni yake ya kwanza ikipigwa ovyo mbele ya hadhara, kisha mhakiki César Cui akaifananisha na mapigo yaliyoishukia Misri zama za Firauni; na kwa muda wa karibu miaka mitatu mtu yule aliyejaaliwa kipaji adhimu hakuweza kutunga kazi yoyote kubwa. Mwanzoni mwa 1900 alipelekwa kwa Nikolai Dahl, tabibu wa Moscow aliyetibu kwa maneno, ambaye, kwa riwaya iliyo mashuhuri, alimkariria siku baada ya siku, naye yu baina ya usingizi na macho, kwamba konserto ataiandika, na itamjia kwa wepesi. Wako wanaoibeza tiba hiyo. Mimi, nikiyasikia matunda yake, sithubutu.

Konserto ilipigwa kamili Moscow mnamo Novemba 1901, mtunzi mwenyewe akiwa kinandani, na binamu yake Alexander Siloti akiiongoza orkesta.

Piano huanza peke yake, kwa mafungu mazito ya sauti, la kwanza likisikika kwa shida, kila linalofuata likizidi nguvu, na baina yake mkono wa kushoto hushuka kuigonga noti ya chini sana. Warusi husikia humo kengele za makanisa yao. Ila sikio lililolelewa kwenye mto huu litaikumbuka lokole ya Walokele, gogo lenye sauti mbili, ya juu na ya chini, ambalo kabla ya kutoa habari huwaita kwanza watu watulie.

Na habari ikishawadia, piano haiisemi! Wimbo hupewa fidla na klarineti, nayo piano hububujika chini yake kama mtumishi, ilhali konserto nyingi za karne ya kumi na tisa ziliandikwa ili mpiga kinanda ajitukuze. Hapo ndipo moyo wangu huvutwa zaidi: mtu aliyefedheheshwa hadharani, aliporejea hakutaka kwanza asikike yeye.

Wala asituambie mtu kwamba muziki huu ni wa wageni tu. Kinshasa, tangu 1994, ipo orkesta ya simfoni ya Wakimbangu iliyoasisiwa na Armand Diangienda.

Sasa tusikilize sehemu ya pili, ya polepole: wimbo utaanza kwa filimbi, ufuate kwa klarineti, na piano, hapa pia, ikingoja zamu yake ya kuuimba.