Magazeti Yetu na Nchi Rafiki



Nashukuru kwamba mwaka huu mmeamua tukutane hapa Segese, kwetu. Nimeombwa nizungumze juu ya magazeti, kwa sababu inasemekana mimi ndiye mzee anayetunza magazeti makuukuu mpaka panya wananiombea dua. Basi nitazungumza juu ya jambo moja tu: gazeti liseme nini juu ya nchi rafiki inayotupa silaha na fedha. Humo humo nina deni la zamani, na nitalilipa kabla sijakaa.

Mwaka 1965 nilikuwa darasa la nne. Gazeti lilishuka kwa gari moshi Isaka, likapelekwa Kahama, na huku Segese likaja kwa baiskeli likiwa limekwisha chelewa siku nne au tano. Babu yangu hakujua kusoma. Gazeti likifika alinikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, nami nikawasomea wazee Ngurumo au Uhuru, tangu juu mpaka tangazo la mwisho la sabuni. Nikiruka mstari, alijua.

Mwezi wa Februari mwaka huo habari kubwa ilikuwa Ujerumani Magharibi. Vijana hamjui kisa hiki. Zanzibar, kabla ya Muungano wa Aprili 1964, ilikuwa imekwisha itambua Ujerumani Mashariki. Serikali ya Bonn haikutaka kuona bendera ya ndugu zake wale katika nchi inayopata msaada wake. Serikali yetu ikatafuta njia ya kati, Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn ikakasirika, ikawaondoa wakufunzi wake waliokuwa wakitusaidia kuanzisha kikosi cha anga na cha wanamaji. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba, ikiwa ndivyo, na waichukue pia misaada mingine ya serikali yao.

Wazee wakapiga makofi. Babu hakupiga. Aliuliza: "Na huyo atakayekuja baada yake, naye tutamwuliza masharti yake, au huyo tutamshangilia tu?" Mimi nilidhani ni uzee.

Waliokuja kutufundishia wanaanga ni Wakanada. Desemba mwaka ule ule tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Magazeti yetu yaliandika kwa ukali, na yalikuwa na haki. Kumkaripia rafiki aliyekwisha fungasha mizigo ni kazi nyepesi, hata hivyo.

Sasa nitawarudisha nyuma kidogo, Novemba 1964. Siku hizo zilitangazwa barua zilizosemekana kufichua njama ya Wamarekani na Wareno dhidi ya nchi yetu. Magazeti yalizipokea, watu wakaandamana Dar es Salaam. Kabla mwaka haujaisha ikadhihirika kwamba barua zile zilikuwa za kughushi, na Serikali yetu ikakubali maelezo ya Marekani. Mimi nakumbuka kusoma habari ya njama kwa sauti kubwa. Habari ya kughushi sikumbuki kuisoma. Labda lilikuwako gazeti lisilofika, labda ilikuwa safu ndogo nikairuka, na siku hiyo babu hakujua.

Mniruhusu nitoke nje ya Afrika, maana mwaka huo huo iliandikwa barua nyingine, nayo ilikuwa ya kweli. Uturuki ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1952, na silaha zake nyingi zilitoka Marekani. Juni 1964 ilipokuwa karibu kupeleka jeshi Kupro, Rais Johnson alimwandikia Waziri Mkuu İsmet İnönü kwamba silaha za Marekani zisitumike huko bila idhini. Wananchi wa Uturuki hawakuonyeshwa barua yenyewe. Januari 1966 gazeti la Hürriyet likaichapa. Tangu hapo waandishi wa kule hawakuacha kuuliza: vituo vya Marekani nchini mwetu vina kazi gani, na mikataba imeandikwaje? Miaka tisa baadaye, Februari 1975, Marekani ikakata kweli kweli kuwauzia silaha kwa sababu ya Kupro, mpaka 1978. Msomaji wa Hürriyet alishangaa kidogo kuliko wengine.

Yaani barua ya uwongo ilichapwa kwetu kwa wiki moja, na barua ya kweli ilikaa mwaka na nusu kabatini kwao. Mimi naona gazeti lina kazi katika yote mawili.

Nije kwa Wachina, ambapo deni langu lipo. Reli ya TAZARA Benki ya Dunia ilikuwa imesema haina faida. China ikakubali. Mapatano yalitiwa sahihi Septemba 1967 huko Peking, kama tulivyouita mji ule, na kazi ikazinduliwa Oktoba 1970. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30. Jeshi nalo, Wakanada walipomaliza muda wao, likaegemea China kwa mafunzo na silaha. Sitaki mtu aondoke hapa akisema mzee amewatukana Wachina. Reli ya kilometa 1,860 ilikabidhiwa Julai 1976, na Wachina zaidi ya 60 walikufa wakiijenga. Hakuna mwingine aliyetujengea.

Lakini mkopo ule ulikuwa na ufundi ambao wengi hawakuujua. Fedha za kulipia gharama za humu nchini hazikuja kama fedha. Zilikuja kama bidhaa. Serikali iliuza bidhaa za Kichina madukani, na shilingi zilizopatikana ndizo zikalipa mishahara na chakula kwenye reli. Ndiyo maana ghafla Kahama ilijaa mabakuli ya bati yenye maua mekundu.

Mwaka 1971 nilikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa na gazeti la ukutani. Mwalimu mmoja alitueleza habari ya bidhaa hizo, nami likizo nikamkuta mama amenunua bakuli. Niliporudi nikaandika makala bila jina, "Bakuli na Reli". Niliuliza tu: reli inahitaji tununue mabakuli mangapi, na kama mama ana mabakuli ya kutosha, mfanyakazi wa reli atalipwa na nani?

Yalikuwa majira mabaya ya kuuliza. Gazeti la Standard lilikuwa limetaifishwa Februari 1970, na Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba litaunga mkono siasa ya nchi lakini litakuwa huru kukosoa. Mhariri alikuwa Frene Ginwala, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini mwaka 1994. Katikati ya 1971 gazeti lake lilimlaumu Rais Nimeiri wa Sudan, nchi rafiki, kwa kuwanyonga wapinzani wake. Ginwala hakukaa tena kwenye kiti kile. Ikiwa mhariri wa Dar es Salaam aliondoka kwa Sudan, mtoto wa Segese angepona kwa China?

Makala yangu yalibanduliwa kabla ya chakula cha mchana. Tukapangwa mstari. Mwandiko ukadhaniwa ni wa rafiki yangu wa kitanda cha jirani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinakili gazeti zima. Aliulizwa nani aliandika. Alinitazama mara moja, akanyamaza. Mimi nilitazama viatu vyangu. Akachapwa viboko sita, na wiki mbili akakata majani peke yake.

Ndugu yangu yule amekaa hapo, safu ya pili, karibu na dirisha. Tumekutana katika mikutano hii mara nyingi, tukacheka, tukala wali. Sikusema. Leo nasema mbele ya wajukuu zetu: niliandika mimi. Naomba radhi, kaka. Viboko vile vilikuwa vyangu.

Vijana, swali lenyewe halijazeeka. Septemba 2024 huko Beijing marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Na ninyi mliozaliwa kando ya Bulyanhulu mnajua maana ya mkataba. Mwaka 2017 wakati wa mchanga wa dhahabu hata wauza mihogo hapa barabarani waliulizana asilimia ngapi ni yetu. Mwalimu Mkuu ameniambia gazeti lenu la ukutani lipo bado, na safu yake ya chini ina nafasi.

Asubuhi nimemkabidhi maboksi mawili ya magazeti kwa ajili ya maktaba. Ngurumo za 1965 zimo, ingawa chache hazina pembe, panya wamezisoma kwanza.