Kifo cha Kichocheo
Mhadhara wa umma uliotolewa Gachoka



Mwaka 1974 mitambo miwili ilianza kazi nchini Kenya. Mmoja ni ule wa umeme wa maji wa Kamburu, hapo mtoni Tana, ambao wengi wenu mnaujua kuliko mimi. Wa pili ulikuwa Changamwe, Mombasa: sehemu ya pili ya kiwanda cha kusafisha mafuta, iliyojengwa ubavuni mwa ile iliyofunguliwa mwaka 1963. Tana ikipungua maji, mabwawa ya Kamburu, Gitaru na Kiambere huzalisha umeme kidogo, na taifa likageukia majenereta ya Kipevu yanayokunywa mafuta mazito. Changamwe nayo ilikuwa na mafuta mazito tele. Ilikuwa nayo mengi mno, na ugonjwa wake ulianzia hapo.

Nimeombwa nizungumzie vichocheo vya kusafishia mafuta na namna ya kuviboresha. Kichocheo ni mshenga: huwakutanisha wawili, ndoa ikafungwa, naye akaenda zake nyumba nyingine bila kuoa wala kuolewa. Ndivyo wanafunzi wanavyofundishwa, na si uongo. Ila ndani ya kiwanda mshenga huyo huchoka, hulishwa sumu, hufa. Rai yangu leo ni moja tu: anayeboresha kichocheo cha mafuta, mara nyingi anachelewesha kifo chake. Nguvu ya kuanzia haina tabu. Hata udongo unayo.

Nasema udongo kwa maana yake halisi. Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alitumia udongo uliotiwa asidi kupasua mafuta mazito yakawa petroli. Mtambo wake mkubwa wa kwanza uliwashwa Marcus Hook, Pennsylvania, mwaka 1937. Udongo ule ulifanya kazi kwa dakika chache, kisha ukafunikwa na masizi. Werevu wa Houdry ulikuwa katika kuyachoma masizi hayo na kulitumia joto lake, huku chombo cha jirani kikishika zamu. Mwaka 1942, kule Baton Rouge, kichocheo kilisagwa kikawa unga laini unaopeperushwa bombani kwa mvuke, ukizunguka bila kusimama kati ya chombo cha kupasulia na tanuri la kuchomea masizi. Katika miaka ya 1960 ikaja zeolaiti, fuwele yenye matundu madogo yanayolingana na molekuli, ikaupiku udongo kwa mbali. Hata hivyo zeolaiti nayo hubomoka ndani ya mvuke wenye moto mkali, na metali ya vanadi iliyomo katika mafuta huimaliza. Ndiyo maana huimarishwa kwa lanthani, mojawapo ya madini adimu, jamii ile ile inayopatikana kilima cha Mrima, Kwale.

Changamwe haikuwa na mtambo wa kupasua. Ilichemsha mafuta ghafi, ikayatenga, ikaondoa salfa kiasi, ikapandisha okteni ya petroli kwa kichocheo cha platini. Kilichobaki chini kilibaki vivyo hivyo, kikauzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yaliyokizaa. Ni biashara gani hiyo? Kampuni za mafuta, zilizolazimishwa kupitisha pale sehemu ya shehena zao, zilinung'unika miaka nenda miaka rudi. Kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009 ikiwa na nia ya kuongeza mitambo. Hesabu zikagoma, kiwanda kikasimama mwaka 2013, na mwaka 2016 serikali ikabaki na hisa zote. Watu hulaumu siasa. Sikatai, ilikuwapo. Lakini mafuta ghafi mengi yaliyoletwa Changamwe yalikuwa ya Murban, ya Abu Dhabi, na leo Abu Dhabi ina mtambo mkubwa wa kupasua mabaki huko Ruwais, nasi tunanunua kutoka Ghuba petroli na dizeli zilizokwisha kuiva.

Turudi kwenye platini, kwa kuwa hiyo Changamwe ilikuwa nayo. Mhandisi wa kemia Vladimir Haensel alipopendekeza kuitumia katika kusafisha mafuta, bei yake ilitosha kumnyamazisha mtu. Yeye aliipunguza hadi chini ya asilimia 1 ya kichocheo, akaitawanya juu ya alumina, na mwaka 1949 mtambo ukaanza kazi Michigan. Platini haipatani na salfa, kwa hiyo mafuta lazima yasafishwe kabla ya kuifikia. Masizi nayo huipanda polepole. Mafundi huongeza joto kufidia, masizi yakaongezeka kasi, mwishowe mtambo ukazimwa ili yachomwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Chevron iliichanganya platini na metali ya reni. Sifa kubwa ya mchanganyiko huo ni ustahimilivu: hubeba masizi mengi na bado hufanya kazi. Kwetu jambo hili lina uzito wake. Kenya ilipoachana na petroli yenye risasi, mwanzoni mwa 2006, okteni iliyokuwa ikitoka kwenye risasi ilibidi itafutwe penginepo, na mtambo wa platini ukisukumwa zaidi hujaa masizi upesi zaidi.

Salfa inayoiua platini ndiyo chakula cha molibdeni. Vichocheo vya kuondoa salfa ni vibamba vidogo sana vya molibdeni na salfa, na kazi hufanyika pembeni mwa vibamba hivyo, mahali kobalti inapojibanza. Watafiti wa Denmark walilithibitisha hilo, na tangu hapo shabaha ikawa kuongeza kingo. Dizeli iliyoanza kutumika nchini mwaka 2015, isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, ni matunda ya kazi ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye mafuta yetu wenyewe, ya Turkana. Yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa, yakahifadhiwa katika matangi ya Changamwe, kiwanda kilichokuwa kimelala, yakapakiwa melini Agosti 2019. Yana nta nyingi na salfa kidogo. Ya Uganda, ambako kunapangwa kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima, nayo yana nta. Kila mafuta huua kichocheo kwa njia yake, na vichocheo vilivyozoea mafuta ya Ghuba haviwezi kutuambia nta ya Lokichar, huko Turkana, itaacha masizi ya aina gani. Utafiti wa jambo hilo hausubiri kiwanda kijengwe. Unahitaji mrija wa chuma wa urefu wa mkono, tanuri, mtungi wa hidrojeni, mashine ya kuchambua gesi, na mwanafunzi aliye tayari kuacha kichocheo kifanye kazi wiki kadhaa hadi kife, kisha akipasue aone kimekufa kwa nini. Kaolini, ambayo zeolaiti inaweza kutengenezwa kwayo, iko Mukurwe-ini, safari ya saa chache kutoka hapa.