Kanuni za Uchaguzi Zisitungwe Gizani



Nimeombwa nijibu swali moja: je, Tume ya uchaguzi inapotunga kanuni zake, inapaswa kufuata utaratibu ule ule unaowabana mawaziri na idara za Serikali? Jibu langu ni kwamba inapaswa, tena kuliko idara nyingine zote.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Kifungu cha 257 cha Katiba yao ya mwaka 2010 kinawaruhusu wananchi kupendekeza marekebisho ya Katiba kwa saini za wapiga kura wasiopungua milioni moja, na Tume ndiyo yenye kuzihakiki saini hizo. Mpango uliojulikana kwa jina la BBI ulipofikishwa mbele yake, Tume ilijitungia utaratibu wa uhakiki. Lakini sheria yao ya mwaka 2013 kuhusu utungaji wa kanuni inaagiza kwamba watakaoguswa washauriwe kwanza, na kanuni ikishatangazwa katika Gazeti Rasmi ifikishwe Bungeni katika siku saba za vikao. Isipofikishwa, inakufa.

Tarehe 13 Mei 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu walitamka kwamba utaratibu ule wa kuhakiki saini ni batili, kwani haukupita njia hiyo. Rufani zilizofuata zilibadili sehemu kadhaa za hukumu. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ilikubali kuwa makamishna watatu waliokuwapo walitimiza akidi. Hata hivyo, hoja ya majaji wale kuhusu kanuni ingali na uzito. Kanuni ndiyo inayoamua saini ipi ihesabiwe na fomu ipi ikataliwe. Mwananchi aliyekataliwa kwa kanuni asiyopata kuiona atajitetea kwa lipi?

Wapo wasemao kwamba Tume ni huru, na kwamba Bungeni wamekaa wagombea wenyewe. Hoja hiyo si ya kudharau. Lakini uhuru wa Tume ni kinga dhidi ya amri za watu, si kinga dhidi ya sheria. Wengine husema muda hautoshi. Wakenya hupiga kura Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na siku hiyo imo katika Katiba. Siku inayojulikana miaka mitano kabla haiwezi kuwa kisingizio cha haraka.

Hapa kwetu pia, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka kanuni zitangazwe katika Gazeti la Serikali na kuwasilishwa Bungeni. Sisi wa Chama kinachoshika madaraka ndio tunaopaswa kulisimamia jambo hili kwa bidii zaidi, maana kanuni iliyotungwa gizani hututia shaka hata tuliposhinda kwa haki. Anayeshindwa kwa kanuni aliyoijadili hana budi kukubali; anayeshindwa kwa kanuni aliyofichwa ana haki ya kunung'unika.