Kununua Shamba Marui: Mnunuzi wa Msimu Mmoja na Kijiji cha Misimu Yote

Mada kwa semina ya viongozi wa vijiji na wanunuzi wa ardhi, Wilaya za Kisarawe na Kibaha

1. Utangulizi



Ardhi ya vijiji vyetu huuzwa zaidi kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba barabara ni kavu, nyasi zimelala, dalali anafika popote kwa bodaboda, na mtu wa Dar es Salaam akipata Jumamosi yake anaweza kwenda Marui, Kisarawe, akaonyeshwa shamba, akala chakula cha mchana na kurudi mjini kabla ya magharibi. Wengi wanaonunua hawana mpango wa kuhamia. Wanataka nyumba ya mapumziko, shamba la mwisho wa wiki au mahali pa kustaafia. Na hamu hiyo inaongezeka. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kituo chake cha Soga kiko Kibaha. Vijiji ambavyo jana vilihesabiwa kuwa mbali na jiji leo vinatajwa kwenye matangazo ya viwanja.

Hoja yangu ni moja. Kijijini mtu hanunui udongo peke yake. Anaingia katika kalenda ya watu na katika wajibu wa kijiji. Anayekijua kijiji kwa msimu mmoja ataipata hasara katika misimu mingine, na hasara hiyo haitakuwa yake peke yake, kwa sababu majirani nao wataibeba. Nitaeleza kalenda yenyewe, mambo yanayofichwa na kiangazi, sheria inavyosema, na madhara ya ardhi isiyo na mtu. Mwisho nitatoa mapendekezo.

2. Kalenda ya ardhi

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mvua kubwa. Bonde lililoonekana Agosti kama uwanja tambarare, rahisi kujenga, sasa ni majaruba ya mpunga, na huenda limekuwa hivyo tangu enzi za babu yake muuzaji. Njia za mfinyanzi mweusi hazipitiki kwa gari dogo, na nauli ya bodaboda inapanda. Masika ya mwaka 2024 tuliona wilaya za Rufiji na Kibiti katika mkoa wetu huu wa Pwani zikikumbwa na mafuriko makubwa. Si kila bonde ni Rufiji, lakini kila bonde lina maji yake, na wenyeji wanajua yanapofika.

Juni na Julai ni kipupwe. Mpunga na ufuta vinavunwa, na mwenye mikorosho anapulizia salfa. Baada ya mavuno huja shughuli: harusi, na wanawali kutolewa ndani kwa ngoma. Kijiji kina watu na kina chakula. Mgeni anayekuja wakati huu anakikuta kijiji katika hali yake nzuri kuliko zote.

Agosti na Septemba ni miezi ya kiu. Visima vya kuchimba kwa mkono hupungua au kukauka, na maji hununuliwa kwa madumu. Moto wa kusafisha mashamba huvuka mipaka. Wafugaji husogeza ng'ombe kufuata malisho na maji, na hapo ndipo ugomvi wao na wakulima huanza.

Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mahindi yanapandwa, korosho zinaokotwa, na maembe yanakuja kwa wingi hadi bei yake inashuka. Januari na Februari jua la kaskazi ni kali na ghala linaelekea kuisha. Shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinahitajika. Hapo mwanakijiji aliyebanwa huuza heka kwa bei ya kutupa, na mara nyingi huuza bila kuwashirikisha wenzake nyumbani. Mnunuzi anayejisifu kwamba amepata bei nzuri Februari ajiulize amenunua ardhi, au amenunua shida ya mtu ambayo kesho itakuwa kesi.

3. Kiangazi hakionyeshi kila kitu

Jambo la kwanza ni kipimo. Heka yetu ya mazoea ni hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, na ili hatua 70 zifike hapo, kila hatua lazima iwe na takriban sentimita 91. Mtu mfupi, au mtu mwenye haraka, hupiga hatua ya sentimita 80. Hesabu yake ni mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136. Hapo mnunuzi amepungukiwa mita za mraba 911, karibu robo ya heka aliyolipia. Kwa heka kumi, upungufu huo unazidi heka mbili. Nao haumwumizi mnunuzi tu: anapokuja baadaye na mpima mwenye vifaa, hutaka "heka zake" zitimie, na hutimia kwa kuingia kwa jirani.

La pili ni miti. Katika desturi za Pwani, mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Mnazi, mwembe au mkorosho unaweza kuwa wa shangazi aliyeupanda, au ukawa umewekwa rehani kwa mtu wa kijiji cha pili. Agosti mti hauna mwenyewe anayeonekana. Novemba anakuja mama na kikapu chake kuokota korosho katika shamba ambalo wewe umelizungushia seng'enge. Kwa macho yako ni mwizi, na kwa macho yake mwizi ni wewe.

La tatu ni makaburi. Mashamba mengi ya zamani yana makaburi ya ukoo, na mengine hayana alama zaidi ya jiwe au kichaka kilichoachwa bila kufyekwa. Uliza kabla ya kuleta trekta.

La nne ni ukoo wenyewe. Miongoni mwa Wazaramo, upande wa mama ulikuwa na uzito mkubwa katika mirathi, na mjomba alikuwa na sauti juu ya mali ya wapwa. Taratibu za Kiislamu za urithi nazo zimeingia, na sheria za nchi zipo. Matokeo yake, shamba moja linaweza kuwa na warithi wanaojitambua kwa njia tatu tofauti. Kijana anayekuuzia akiwa peke yake chini ya mwembe anaweza kuwa na haki, lakini mara nyingi haki hiyo si yake peke yake.

4. Sheria inasemaje

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinagawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Swali la kwanza la mnunuzi liwe: ardhi hii iko fungu gani? Kama ni hifadhi, mfano misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hakuna mazungumzo; hakuna muhuri wa kitongoji unaoweza kuhalalisha uuzaji wake. Kama ni mji uliopangwa, kama sehemu za Kibaha Mjini au Kisarawe Mjini, taratibu ni za viwanja, upimaji na hati.

Kama ni ardhi ya kijiji, msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo huwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Uhamishaji wa haki ya kimila ya kumiliki ardhi kwenda kwa mtu wa nje unahitaji kupita kwa halmashauri ya kijiji, na sheria inamtarajia mnunuzi huyo awe na nia ya kweli ya kuishi kijijini au kuendesha shughuli zake humo. Mtu ambaye si raia hawezi kununua shamba la kijiji kwa makubaliano ya chini ya mti; njia yake ni ya uwekezaji na ina taratibu zake.

Hapa niseme wazi kuhusu mihuri. Mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia mauziano, anashuhudia kwamba watu wawili wamepeana fedha. Huo si uamuzi wa kijiji. Uamuzi wa kijiji unaonekana katika muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, wenye akidi na saini. Ada yoyote ya halali ina stakabadhi. Ile "asilimia kumi" ya bei ya mauzo, ambayo viongozi wa serikali wameikemea mara nyingi, haipaswi kudaiwa wala kulipwa.

Kuna pia suala la mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayeona mke wa muuzaji hayupo kikaoni asimsifu muuzaji kwa kumaliza mambo haraka.

Mgogoro ukizuka, mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo siku hizi ni la usuluhishi, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wa baraza la kijiji ni watu wale wale wanaolima jirani na shamba lako. Aliyezika nao na kuchangia kisima chao ana mashahidi. Asiyejulikana ana karatasi tu.

5. Ardhi isiyo na mtu

Shamba lililonunuliwa na kuachwa huota pori. Pori hilo ni maficho ya nguruwe pori na ngedere, na usiku nguruwe hao hula mihogo ya jirani asiyehusika na mauziano yenu. Wachoma mkaa nao huingia, maana hakuna wa kuwauliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatambua tatizo hili: ardhi ya haki ya kimila isiyokaliwa wala kutumika kwa muda usiopungua miaka mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na kijiji kikaanza taratibu za kuitwaa.

Tatizo si letu peke yetu. Uswisi, nchi yenye miji midogo ya milimani inayojaa wageni wakati wa theluji wanaokuja kuteleza kwa mbao za miguuni, ilifika mahali nyumba nyingi za wageni hao zilikaa gizani sehemu kubwa ya mwaka. Machi 2012 wananchi walipiga kura na kuamua kwamba nyumba zisizo makazi ya kudumu zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila halmashauri. Nchi tajiri, yenye hati kwa kila kiwanja, iliona kwamba umiliki bila ukazi unadhoofisha mji.

Sisi tuna funzo la karibu zaidi, hapa hapa Kisarawe. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata takriban hekta 8,211 kwa miaka 99, ikiwa ni ardhi ya vijiji kumi na kimoja, Kurui na Marumbo vikiwamo, ili kulima mbono kwa ajili ya mafuta. Mwaka 2011 shughuli zilisimama na mamia ya vibarua wakapoteza kazi. Ardhi haikurudi vijijini, kwa sababu ilikwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Wanavijiji walibaki wanatazama pori ambamo zamani walichota maji, walikata kuni na walizika wazee wao. Mnunuzi wa heka tano si kampuni, lakini wanunuzi wengi wa heka tano tano, wote wakiishi mjini, Tabata na Mbezi, wanaweza kufanya yale yale polepole bila mtu kuona.

6. Mapendekezo

*Kwa wanunuzi:*
1. Itazame ardhi kiangazi, kisha irudie katikati ya masika kabla ya kulipa. Akikuambia dalali kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwache huyo mteja aje.
2. Tembea mipaka yote pamoja na majirani wa pande zote nne, na majina yao yaandikwe kwenye hati ya mauziano. Pima kwa utepe au kifaa, si kwa hatua.
3. Orodhesha miti, makaburi, njia za miguu na vyanzo vya maji, na mwenye kila kimoja.
4. Ukishanunua, uwe na mtu anayeishi hapo, anayelipwa kwa wakati na anayejulikana kwa mtendaji wa kijiji. Hudhuria mikutano mikuu. Changia kisima, shule na msiba.

*Kwa viongozi wa vijiji:*
1. Kila mauziano yapite katika kikao na yaingie kwenye daftari la kijiji, likionyesha aliyenunua anakoishi na anachokusudia kufanya.
2. Kamilisheni mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, ili maeneo ya malisho, maji na makaburi yatengwe kabla hayajauzwa.
3. Wekeni kikao cha mapema kila Januari kwa ajili ya kaya zilizobanwa. Mkopo mdogo wa kikundi ni nafuu kuliko heka kupotea.

*Kwa halmashauri za wilaya:* pelekeni maafisa ardhi vijijini kwa ratiba inayojulikana, ili mnunuzi na muuzaji wasimtegemee dalali kama mwalimu wao wa sheria.

7. Hitimisho

Ndugu washiriki, mgeni hafukuzwi Uzaramo. Vijiji vyetu vinahitaji watu, fedha na ujuzi kutoka mjini. Lakini kijiji ambacho nusu ya ardhi yake ina wenyewe wasiokuwapo hakiwezi kuendesha shule wala kutatua mgogoro wa mpaka. Kwa hiyo ninaomba semina hii iazimie mambo mawili: pasiwe na mauziano bila kikao cha halmashauri ya kijiji, na pasiwe na shamba bila mkazi. Mnunuzi asiyekubali masharti hayo mawili, viongozi msimuuzie.